Kona ya Mahindi ya Mama Wakesho

Mjukuu wangu Mghoi,

Sisi hapa Mbololo tu wazima. Bibi yako amepona mguu na ameanza tena kugombana na kuku. Mvua imenyesha kidogo, tumepanda.

Umeniuliza kama niliwahi kuacha jambo la kweli bila kuliandika, nilipoanzisha lile gazeti letu dogo pale Voi. Nimefikiria wiki nzima na bado nimechanganyikiwa.

Tulikuwa tunatayarisha toleo la kwanza. Ndovu walivamia mashamba Kasigau, nikaenda kuona. Mjane mmoja, Mama Wakesho, alinionyesha mahindi yake yamelala chini yote, isipokuwa kona moja nyuma ya nyumba.

"Hiyo kona usiiandike, mwanangu," akaniambia. "Wakisoma watasema bado nina chakula."

Niliiandika. Gazeti lilikuwa jipya, na nilitaka liaminike. Chakula cha msaada kilipofika, Mama Wakesho alirukwa, hakupewa kitu. Karani aliyegawa alikuwa ameshika gazeti langu mkononi.

Baada ya wiki chache Mama Wakesho alikuja mwenyewe ofisini, safari yote ile, akaweka mahindi mawili mabichi juu ya meza yangu.

"Ni ya ile kona," akasema, akaenda zake.

Niliyachoma, nikala. Yalikuwa matamu. Mpaka leo sijui kama alikuja kunisamehe au kunisuta, na sikuwahi kurudi kumuuliza.

Wewe sasa una ukurasa wako wa habari. Ukipata jibu, niandikie.

Babu yako