Zamu Yako ya Alhamisi Asubuhi

Brzodol,
Alhamisi, 6 Septemba 1984

Mpendwa mdogo wangu Vitomir,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, ingawa siku hizi "kwetu" ni mimi, mbuzi wawili na ule mti wa pea ulioupanda ukakataa kurefuka. U hali gani huko Melbourne? Evelin hajambo? Na watoto, ambao nadhani sasa wananipita kimo, wanaendeleaje? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Magoti yananung'unika nikipanda ngazi za kinu chetu cha maji, nami nayanung'unikia, tunaelewana.

Ukiikunjua barua hii ukaona vumbi jeupe, usiipanguse haraka. Ni unga. Naandika nikiwa kinuni, nimekalia gunia, na jiwe linasaga.

Kiangazi kilikuwa kikavu, mto umekonda na gurudumu linazunguka kwa uvivu. Tangu alfajiri nimesaga gunia moja na nusu tu. Zamani asubuhi kama hii pangekuwa na foleni ya punda hadi darajani, na watu wakitukanana kwa furaha. Leo wengi wanapeleka mahindi mjini kwenye mashine ya umeme. Naongea na jiwe, na wakati mwingine nalikemea.

Shangazi Persida ametimiza miaka tisini na mmoja. Kila Jumapili baada ya ibada ananiuliza kama una viatu vya baridi. Namwambia huko kwenu Desemba ni joto. Ananitazama kama niliyelewa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Unaikumbuka sheria ya kinu. Mwenye zamu akiwa mbali, ndugu yake anaweza kusaga badala yake, mradi kila mwaka mwenyewe atume neno kwamba bado anaitaka. Siku ya Mtakatifu Dimitri wenye kinu hukutana, neno lake husomwa, na alama yake hubaki ubaoni. Asiyetuma neno, alama yake huparuzwa kwa kisu na zamu hupewa mwingine. Baba alipotugawia Alhamisi yake, wewe asubuhi na mimi mchana, ulilia kwa sababu hukutaka kuamka mapema. Alama yako bado ipo pale juu ya mlango: yule ndege wa mguu mmoja, kwa kuwa kisu kilikuteleza kabla hujamaliza wa pili.

Barua yako ya mwisho niliipata Mei 1980, nayo ikasomwa mkutanoni mwaka huo. Miaka mitatu iliyofuata nimesimama mbele ya watu na kusema uongo.

Mwaka wa kwanza nilisema barua imefika ila nimeisahau nyumbani. Mwaka wa pili nilisema imelowa. Mwaka jana sikutoa hata sababu, nilisimulia tu. Nimekununulia gari la kijani. Nimekufanyia upasuaji wa goti la kushoto, ukapona vizuri. Binti yako nimemfundisha fidla. Nakuambia haya ili siku ukija usiniaibishe: shuka kwenye basi ukichechemea kidogo.

Watu walisikiliza, wakacheka, wakakuombea goti. Nami nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilipofika nyumbani nilitaka kuisoma tena ile barua, nikakumbuka kwamba haipo. Nina upweke, Vitomir. Nimeliandika neno hilo na sitalifuta.

Mwezi uliopita Stojadin, ambaye sasa ndiye mkubwa wa kinu, alimsimamisha Gvozden wa posta pale darajani, mimi nikiwa nimesimama palepale na ndoo.

"Gvozden, ile barua ya Melbourne ya mwaka jana, uliileta lini?"

"Siku ile ya mvua kubwa."

"Mvua gani? Mwaka jana hata vyura walihama!"

"Basi lilikuwa jasho langu, mzee. Hebu panda wewe kilima hiki na baiskeli hii, halafu uje tuongee habari za mvua."

Stojadin akanigeukia. Unajua ni binamu wa marehemu mume wangu, kwa hiyo huniambia mambo bila kuzunguka.

"Shemeji Desanka, mimi si adui yako. Lakini Bratislav na mkewe wamehamia hapa, wana mtoto, na zamu hawana. Mwaka huu nataka kuiona hiyo barua kwa macho yangu. Masikio yameshiba."

"Utaiona," nikamjibu, "na uje na miwani!"

Mdomo umeniponza. Wewe wajua, ni wa mama.

Gvozden alipanda baiskeli yake akaenda. Yeye ndiye peke yake anayejua. Kila Alhamisi akipita chini ya dirisha la kinu hutikisa kichwa kabla sijauliza, ili nisiteremke ngazi bure. Ameshapita leo.

Sina kinyongo na Bratislav. Mkewe, Olivera, aliniletea jamu ya maboga nikiwa na homa, na mtu wa namna hiyo anastahili zamu. Kama huitaki tena asubuhi yako, sema tu. Nitawapa kwa mikono yangu na wala sitakununia. Lakini isiparuzwe kwa sababu ya ukimya. Hapa ukimya ni wa waliokufa. Barua zangu hazirudishwi, kwa hiyo najua kuna mkono unaozipokea. Naomba uwe wako.

Kama ulikosana nami kwa jambo, nimesahau jambo lenyewe, basi nawe sahau.

Shangazi Persida anakusalimu, na anasema uvae soksi. Stojadin anakusalimu bila kujua ananitesa. Gvozden naye pia. Nisalimie Evelin, na uwabusu watoto mashavuni mara tatu, kwa desturi yetu, hata wakikimbia. Mungu na Mtakatifu Nikola wetu wakulinde wewe na nyumba yako, barabarani na kazini.

Mwaka huu sikukuu ya Mtakatifu Dimitri inaangukia Alhamisi, tarehe nane Novemba, na mkutano ni asubuhi, katika saa za zamu yako. Tafuta bahasha. Jina langu liandike wewe mwenyewe, kwa ule mwandiko wako mbaya ambao kijiji kizima kinaujua. Kama maneno hayaji, usijilazimishe, tia karatasi tupu ndani na uifunge. Stojadin aione bahasha na stempu ya huko. Kuisoma niachie mimi, nimeshazoea.

Dada yako akupendaye na akusagiaye,
Desanka