Baba, Bakia Kwenye Taa Pana

Mpendwa baba,

Nakuandikia nawe uko hapo nje, umeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta, umevaa shati jeupe la kazi ulilotaka nilipige pasi asubuhi. Ningeweza kufungua dirisha nikakwambia haya yote. Nimeshajaribu. Unanisikiliza kwa adabu, unaitikia kwa kichwa, halafu unaniuliza ndege ya Nairobi inatua saa ngapi. Basi nimeona niandike, tena niandike wazi, wasome na wengine, hasa madereva wa hoteli za Hai Amarat hapa Juba ambao huenda wakakukuta tena pale uwanja wa ndege. Wakijua wewe ni nani, watakurudisha nyumbani bila kukupigia kelele.

Wewe ni dereva. Si dereva wa gari lolote. Maisha yako yote ya kazi uliendesha ukoo mmoja wa magari ya kifahari, yale marefu ya chini ambayo mabosi hukaa nyuma wakisoma gazeti. Jina la kampuni hukulitaja hata siku moja, kama mtu asivyotaja jina la mama mkwe wake. Ulisema tu "gari". Mengine yote barabarani yalikuwa vyombo vya usafiri. Wenye kiwanda waliyapa magari hayo namba na herufi, lakini nyinyi madereva mliyaita kwa sura zao za mbele, na mimi nilijifunza majina hayo kabla ya kujifunza majina ya shangazi zangu.

La kwanza lilikuwa Sanduku. Ulikuwa kijana, hujaoa, umetoka Machakos na leseni mpya mfukoni, ukaajiriwa na bosi mmoja Nairobi. Ulinisimulia kona zake zilizokuwa kama za kabati, bampa za chuma za kung'aa, na usukani mwembamba mpana ambao kuuzungusha gari likiwa limesimama kulitaka mabega. Ulichokipenda zaidi ni mlango. "Ulikuwa unafunga tup," ulisema, "kama mtu amefunga Biblia." Sanduku sikuliona. Nilizaliwa limeshauzwa.

Baada yake likaja Taa Pana. Kona zilikuwa zimelainika, taa zimepanuka hadi pembeni, vioo vinapanda kwa kitufe. Ulimwoa mama siku za Taa Pana, na nililetwa nyumbani kutoka hospitalini ndani ya Taa Pana, bosi akiwa amekuachia gari siku nzima. Mama alikuwa akicheka kila anapoisimulia safari ile. Uliendesha taratibu mpaka baiskeli zikatupita, na ukamwambia asinibane sana kifuani kwa sababu springi za gari lile zinajua kazi yake.

Lilipotoka Macho Manne, lenye taa nne za mviringo, madereva wenzako walichukia. Walisema ukoo umeharibika, gari linakutazama kama bundi. Wewe ulisema sura mtaizoea, shida ni kompyuta waliyoificha chini ya boneti. Uliyajua magari yako kwa sikio, na sasa sikio lilikuwa limepata mpinzani. Hata hivyo ulilipenda. Mwenye hoteli mmoja wa Juba aliponunua la mtumba Nairobi na kukuajiri uje nalo, ulikubali siku hiyohiyo. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kaunta kwenye benki moja hukuhuku. Tukaja pamoja, wewe na mimi na Macho Manne, kupitia mpaka wa Nimule.

Ile safari, baba, ndiyo ninayoililia. Baada ya Nimule tulihamia mkono wa kulia wa barabara, na gari letu la Kenya lilikuwa na usukani kulekule kulia. Ukawa umekaa upande wa majani, huoni kitu mbele ya lori lililokutangulia. Mimi wa kiti cha kushoto ndiye niliyekuwa naona. Hakuna aliyetufundisha, tulijikuta tu tumeanza.

"Mama," ulianza, kama ulivyozoea kuniita, "huko kukoje?"

"Lori linakuja."

"Na nyuma yake?"

"Kweupe. Pita sasa."

Ukapita. Hukunyoosha shingo kuhakikisha. Nilikuwa msichana aliyetoka chuo juzijuzi, sijawahi kuaminiwa hata kwa funguo za duka, na baba yangu alikuwa ananikabidhi roho zetu mbili kwa neno moja. Nilijiona mkubwa siku ile kuliko siku niliyopokea cheti.

Tulipofika Juba ukaanza kusoma vibao vya mitaa kwa sauti. Hai hii, Hai ile. Ukacheka. "Huku mitaa yote iko hai," ukasema, "ya kwetu imekufa?" Nilikueleza kwamba hai kwa Kiarabu ni mtaa, ukasema unajua, niache ufurahi. Tukapanga hapa Hai Mauna, karibu na gereji, kwa sababu ulisema huwezi kulala mahali pasiposikika nyundo.

Miaka ikaenda. Hoteli ikanunua Machozi, lile ambalo taa zake zina mstari wa vitone vya mwanga, kama mtu anayelia huku amevaa suti. Siku za Machozi ndipo mama alipofariki Machakos, tukaruka kwenda kumzika. Mwishoni likaja Kioo. Dashibodi nzima ni kioo kimoja, linaongea, linajifunga breki lenyewe, na halina ufunguo wa kuchomeka. Unabonyeza kitufe tu.

Asubuhi ya kwanza walipokukabidhi Kioo uliketi ukipapasa chini ya usukani. "Tundu la ufunguo liko wapi?" Wakakuonyesha kitufe. Kesho yake ukapapasa tena. Kesho kutwa tena. Pale hotelini wakaona ni mzaha wako, wakaanza kukuiga, na mimi uliponisimulia nilicheka nikaona baba yangu bado ni mcheshi. Baadaye ulianza kuwapeleka watu hotelini kwa njia ya nyumba yetu ya zamani ya Nairobi, ukitafuta mizunguko ambayo Juba haina. Hoteli ikakustaafisha kwa heshima. Macho Manne lilikuwa limezeeka, injini imegoma, wakakupa liwe lako. Limesimama hapa uani mpaka leo, matairi yamekaa chini, kuku wanataga uvunguni.

Daktari wa Nairobi aliniambia ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya. Akasema utasahau mambo mapya kwanza. Nilidhani anamaanisha majina na mahali ulipoweka miwani. Sikujua kwamba utarudi nyuma gari kwa gari.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwanza Kioo likapotea, ukaapa hoteli haijawahi kuwa na gari la namna hiyo. Kisha Machozi. Machozi lilipoondoka liliondoka na msiba wa mama. Asubuhi moja ukaniuliza, "Mbona mama yako hajapiga simu?" Nikakuambia ukweli, ukaangua kilio kana kwamba tumeletewa habari dakika ileile. Kesho yake ukauliza tena. Mara ya tatu sikuweza, baba. Nikasema simu yake haina chaji. Nimelelewa kwenda kanisani na kusema kweli, na sasa kila asubuhi namfufua mama kwa uongo, halafu naenda benki kuhesabu fedha za watu.

Nikaamua turudi nyumbani. Mutuku, mdogo wangu, alikuwa anatungoja Nairobi ili akupeleke Machakos, kwenye shamba lako. Tukafika uwanja wa ndege mapema. Niligeuka kutoa pasipoti zetu, nikigeuka tena hupo. Nilikukuta upande wa wanaowasili, umesimama kati ya madereva wenye vibao, mgongo umenyooka, mikono nyuma. Askari alikuwa anakuuliza, "Ita gi ruwa wen, ya mzee?" anataka kujua unakwenda wapi. Ukamjibu kwa Kiswahili safi, "Siendi popote, niko kazini. Ndege bado haijatua." Nilikushika mkono, ukautoa taratibu ili wenzako wasione. Nikakubembeleza, nikakasirika, nikakubembeleza tena. Yule askari akaniambia malesh, malesh, pole dada, na ndege yetu ikaondoka mbele ya macho yangu. Wewe uliitazama ikipaa ukasema rubani amepaa vizuri.

Sijanunua tiketi nyingine. Mutuku anasema nikulazimishe. Aje alazimishe yeye. Hapa Juba angalau kila siku unaamka ukiwa na kazi, na kumpokonya mtu kazi aliyoishi nayo hivyo mimi siwezi. Siwezi hili na siwezi lile, ndiko nilikofikia.

Kwa hiyo kila alasiri unaingia kwenye Macho Manne, unashika usukani, unasubiri. Nakato, yule Mganda anayeuza chapati mbele ya geti, ndiye anayekuangalia nikiwa kazini. Siku moja alinipigia simu. "Sister, mzee yako iko kwa gari, anasema mimi natoa hii kuku yote, boss anakuja. Mimi natoa ama naacha?" Nikamwambia toa, bosi asikute uchafu. Tulicheka sana, mimi na yeye, na nilipokata simu nikaingia choo cha benki nikalia.

Kisha kikaja kile nilichokuwa nakiogopa. Ulitoka ndani, ukalizunguka Macho Manne, ukainama kuzitazama taa zake nne kama mtu aliyeko kwenye maonyesho. "Gari hii ni ya mwaka gani? Taa nne? Hii itakuwa bado haijafika Kenya." Ukapitisha kiganja juu ya boneti, ukalisifu, ukauliza mwenyewe ni nani. Gari lililotuleta Juba lilikuwa limeshakuwa gari la kesho, halijatengenezwa. Na ile barabara ya Nimule ikaenda nalo. Hukuwahi kunikabidhi roho yako. Nilibaki na safari ile peke yangu, na sina wa kumuuliza kama kweli ilikuwa.

Nikajua uko Taa Pana. Nikajiambia basi, hapo si pabaya, kwenye Taa Pana mimi nipo. Na kweli nilikuwepo kwa namna fulani. Ulianza kuniita kwa jina la mama. Ulikuwa unaingia jikoni kwa kunyata, unaninong'oneza, "Mtoto amelala?"

"Amelala," nakujibu.

"Usimfunike sana. Hapa kuna joto."

Mtoto huyo ni mimi, baba. Kwa miezi nimekuwa nikisimama jikoni kwangu mwenyewe nikipokea maagizo ya namna ya kunilea. Mara uliniletea shuka, mara uliniambia nisimpe maji ambayo hayajachemshwa. Niliona wivu juu ya kile kitoto. Lakini pia niliona jinsi nilivyopendwa, na si watu wengi wanaopata kushuhudia hilo kwa macho yao. Nikawa naomba kila siku, Mungu, abakie hapa hapa. Abakie kwenye Taa Pana. Asilete gari jingine. Nilikununulia hata kanda za nyimbo za siku zile, nikakuwekea picha ya harusi mezani, nikajaribu kuziba njia kwa kila kitu nilichokuwa nacho. Nilikuwa kama mtu anayezuia gari kwenye mteremko kwa mikono.

Jumapili iliyopita nilirudi kutoka kanisani nikiwa na gauni la bluu na mkoba. Ulikuwa umesimama kando ya gari uani. Uliponiona ulivua kofia. Ukafungua mlango wa nyuma, ukaushika wazi, ukaweka mkono juu nisigonge kichwa.

"Karibu, madam."

Hujawahi kuniita madam. Nikaingia. Nifanye nini? Ukaufunga mlango, ukaketi mbele, ukaweka mikono kwenye usukani kwa upana kuliko ulivyo, vile mtu anavyoushika usukani mkubwa mwembamba. Nikaelewa uko ndani ya gari gani. Nikakuuliza kama una familia.

"Bado, madam. Kwanza kazi."

Ulisema kwa furaha. Ulikuwa kijana, leseni yako mpya, dunia yote iko mbele, na mimi sipo popote ndani yake. Sikulia. Nilikuuliza unatoka wapi, ukasema Machakos. Nikasema na mimi asili yangu ni huko. Ukanitazama kwenye kioo cha kati.

"Unaitwa nani, madam, kama si vibaya kuuliza?"

"Mueni."

Ukacheka. "Kwetu Mueni ni mgeni. Basi nimembeba mgeni anayeitwa Mgeni." Kicheko kikaisha taratibu. Ukanitazama tena kwenye kioo kilekile, safari hii kwa muda mrefu.

"Hilo ni jina la mama yangu," ukasema. "Nikijaliwa binti wa kwanza, ndilo nitakalompa."

"Mpe," nikakwambia. "Atalipenda."

Endesha tu, baba. Sina haraka ya kufika.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Mueni