Nimetumwa Kukuuliza Tena

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu mimi mdogo wako, na salamu nyingine za mtu ambaye nitamtaja mwishoni, maana nikimtaja sasa utaacha kusoma uanze kuhema. Natumaini u mzima, mikono haijaungua na tanuri, na kile kifua chako kinachobana wakati wa baridi kimezoea vumbi la unga. Mimi mwili mzima. Kichwa ndicho sijui nikuambieje. Juzi nilitia chumvi kwenye chai, na nikainywa yote bila kustuka.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la unga, yule uliyesema ni mtu wa kuaminika. Uliniambia nisikupigie simu, sijapiga. Uliniambia nisimwambie mtu kwamba u hai, hata Mama, na kwa muda wote huo nilifunga mdomo. Sasa mambo yamechanganyika, na mwenyewe bado sijui yaanzie wapi. Nitajaribu kuyafuata moja moja.

Wewe ulipoondoka hukuona yaliyofuata. Vijana waliopakiwa na askari kwenye lori siku ile vibanda vya soko vilipovunjwa walirudi mmoja mmoja, wengine wakichechemea. Ni wawili tu hamkurudi: wewe, na swahiba wako, mtoto wa Mama Cherehani. Mama na Mama Cherehani walizunguka vituo vya polisi na hospitali mpaka soli zikaisha, na fundi viatu wa kuzishona ndiye wewe mwenyewe uliyekuwa ukitafutwa. Kila mahali waliambiwa njooni kesho.

Ndipo wakaja hawa watu wa tamasha la filamu za haki za binadamu. Wanaenda mtaa kwa mtaa, wanaazima ukumbi, wanafunika madirisha kwa vitambaa vyeusi mchana kweupe, wanaonyesha filamu. Ikiisha, wanawasha taa na watu wanaanza kusema. Mkubwa anayehusika anawekwa kiti cha mbele kabisa ili asikie kwa masikio yake, na akiondoka kabla ya wakati mtaa mzima unamwona mgongo. Mtaa wa nyuma walifunguliwa zahanati yao hivyo hivyo. Mimi mwanzoni niliona ni mambo ya watu wasio na kazi. Baadaye wakanipa kazi, nikaacha kusema hivyo.

Filamu yao ya safari hii ni ya mama zetu wawili. Wamekaa kwenye lile benchi la nje ya duka la ushonaji, wameshikana mikono, mmoja anasema, akishindwa mwenzake anapokea. Mwanzo mpaka mwisho ni benchi hilo hilo. Na kwenye matangazo, kaka, wamekuweka wewe. Ile picha ya harusi, ya tai ya kuazima, jicho moja umefumba. Umebandikwa mlango wa ukumbi, kwa kinyozi, duka la dawa. Sisi wafanyakazi tulipewa beji za kubandika kifuani, na yangu ina sura yako. Wageni nisiowajua walinikumbatia barabarani na kulia.

Siku ulipopiga simu kwa mara ya kwanza nilikuwa nanunua vitunguu, wewe umebandikwa kifuani kwangu, na sauti yako sikioni inauliza kama nyundo na misumari yako bado ipo. Nilicheka, nikalia, nikakutukana, nikaacha vitunguu kwa muuzaji. Yule mama akamwambia jirani yake huzuni imenipanda kichwani. Na tangu hapo nimekuwa mtu wa ajabu. Nikirudi nyumbani namkuta Mama anafuta macho, basi na mimi nafuta. Yeye akishusha pumzi, mimi nashusha ndefu zaidi, asije akashuku kwamba huzuni yangu imekwisha. Nilijichukia. Namwona mzazi wangu anamlilia mtoto aliye hai, na dawa ninayo mimi mfukoni, nami nakaa kimya kwa sababu wewe umesema.

Sasa, hawa watu wa tamasha wana desturi yao moja. Yule dada mratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anasema filamu si mali ya aliyeshika kamera. Kila mtu anayeonekana sura lazima aulizwe tena siku ile ile ya kuonyeshwa, nyumbani kwake, bila shinikizo. Akisema ndiyo, inaonyeshwa. Akisema hapana, haionyeshwi, na ni mwiko kumuuliza kwa nini. Kazi hiyo ya kuuliza ndiyo niliyopewa mimi. Mama Cherehani, futi ya kupimia shingoni, hata hakuacha kukanyaga cherehani. Alisema waionyeshe hata kila siku. Afisa wa tume ya haki za binadamu alikuwa ameahidi kwamba filamu ikiisha atalifungua jalada la wale vijana mbele ya watu wote, na ahadi ya namna hiyo hajawahi kuipata kokote.

Nikaenda kwa Mama nikijua ni kupita tu. Alikuwa anakunja nguo. Nikamuuliza. Bila kuinua uso akasema hapana.

Nilidhani hakunisikia. Nikauliza tena, akasema hapana tena, akaendelea na mikono ya blauzi. Nikavunja mwiko nikamuuliza kwa nini, akaniambia kazi yangu ni kuuliza, nimeshauliza. Kaka, nilirudi ukumbini miguu haijui inakokwenda. Nilifikiri amechoka. Nikafikiri wamemtisha. Nikafikiri labda ameona haya kulia mbele ya watu, lakini Mama huyu huyu alilia mbele ya mkuu wa kituo mpaka yule bwana akamletea kiti.

Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani, na afisa ameshakaa, anajipepea kwa kofia. Mratibu akajaribu kutafuta namna ya kumtoa Mama ndani ya filamu, haikuwezekana, watu wamekaa benchi moja na wameshikana mikono. Ukimtoa mmoja humpati mwingine. Akasimama akawaambia watu ukweli: mmoja wa wenye filamu amekataa, kwa hiyo haitaonyeshwa. Minong'ono ikaanza. Wengine walisema Mama amenunuliwa. Afisa akavaa kofia yake, akasema atarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya kufunga tamasha, na si zaidi ya hapo.

Mama Cherehani hakumsubiri mtu. Alikuja nyumbani moja kwa moja, mimi nyuma yake nikimwita hanisikii. Alisimama mlangoni akamuuliza Mama amemkosea nini. Alimkumbusha vituo vyote walivyolala njaa pamoja. Alisema kama ni kosa lake amwambie, atapiga magoti sasa hivi. Mama alikuwa amekaa na zile nguo mapajani, zimekunjwa, anazikunjua. Halafu akasema:

"Mwenzangu, wangu amenipigia simu."

Kaka, nilikaa chini sakafuni. Kumbe ulimpigia! Ulimpigia wiki ile ile, ukamwambia asimwambie mtu, hata mimi! Yaani tumekaa chumba kimoja, mimi namficha yeye na yeye ananificha mimi, kila mmoja anamlilia mwenzake uongo, na aliyetupanga hivyo yuko mbali anakanda unga. Hivi ulifikiri nini? Nilitaka kucheka, nikaona uso wa Mama Cherehani, kicheko kikakauka. Mama alisema hawezi kukaa kwenye benchi lile tena watu wakimpa pole ya mtoto anayekula na kulala. Alisema mkono ule alioushika kwenye filamu sasa anaona kama anauibia.

Nilingoja Mama Cherehani apige kelele. Nilitamani hata apige. Alishika mwimo wa mlango, akauliza jambo moja tu.

"Walikuwa lori moja?"

Mama akasema hajui, hukumwambia. Na ni kweli hukumwambia. Uliniambia mimi. Uliniambia mlikaa bega kwa bega, na kwamba uliporuka pale kwenye kona, yeye alibaki.

Basi hapa ndipo ninapokuungamia, na ukitaka kunikasirikia nikasirikie. Nilimwambia. Nilimwambia yote uliyoniambia: bega kwa bega, kona, kuruka. Hukuwa umenipa ruhusa. Lakini mama wa watu amesimama mlangoni anauliza, na jibu ninalo mdomoni, ningelimeza vipi?

Tangu siku hiyo hatujui tunataka nini. Mama anasema atakubali filamu ionyeshwe endapo tu, taa zikiwashwa, itasemwa wazi kwamba wake amepatikana. Mama Cherehani anaogopa: wakijua mmoja alikuwa hai muda wote, watasema wote ni waongo, na jalada la mwanawe litafungwa kabla halijafunguliwa. Mratibu anasema hapana, aliyepatikana ndiye shahidi waliyekuwa wamemkosa. Kila mmoja akisema namwona ana haki, kisha anasema mwingine. Na mimi nikilala nakuona umesimama mbele ya ukumbi ule, halafu naona watu wa lile lori wanakusubiri nje, naamka nimeshika shuka. Kwa hiyo sijui kama nikuite au nikukataze. Nimeandika njoo, nikachana karatasi. Nikaandika usije, nikaichana pia.

Kilichobaki ni desturi ya tamasha. Anayeonekana sura lazima aulizwe tena, na hakuna sura iliyoonekana kuliko yako. Basi nakuuliza, kama nilivyowauliza wengine: unakubali filamu hii ionyeshwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi? Ndiyo ni jibu, na hapana ni jibu. Sitakuuliza kwa nini. Mpe dereva jibu lako akirudi, au ulilete mwenyewe.

Mama Cherehani hakutaka nikuombe lolote. Alikaa nikiandika hapa, akanisahihisha mara mbili. Anasema hakulaumu kwa kuruka, na kama mwanawe angeweza angeruka pia. Anasema nikuandikie maneno haya haya: "Aniambie mwanangu alisema nini mle ndani. Hata kama alikuwa analia, aniambie."

Beji yako bado naivaa. Nilipotaka kuivua nilijiuliza nitaiweka wapi, nikairudisha. Nyundo yako ipo, na misumari ipo, usiulize tena.

Yule mtu niliyekuahidi mwanzoni ni Mama. Anakusalimu sana, na safari hii anajua ninamwandikia nani.

Ni mimi mdogo wako,
muulizaji wa tamasha.