Wameacha Kuniita Mama Evaline

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pole na kazi ya kusoma machozi ya watu. Naishi Ujiji, nauza dagaa ninaochukua Katonga, na nimo kwenye umoja wetu wa akina mama wafanyabiashara, sisi wa dagaa, wa mawese, wa vitenge, mpaka wa Mwandiga wamo, na umoja huu ndio ulionipokea tangu mume wangu Dismasi anilete huku, kwa hiyo usije ukadhani naandika ili kuwasema watu vibaya.

Utaratibu wetu ni kukutana kila mwezi nyumbani kwa mwenzetu mmoja, kwa zamu, mwenye nyumba anapika samaki wetu wa ziwani, migebuka, na ugali wa muhogo, tunapanga shughuli zetu, na watoto wa nyumba ile ndio wanaotunawisha mikono na kutuimbia. Mwaka huu tulianza vizuri mno, Machi tuliandamana Siku ya Wanawake na sare yetu ya kitenge cha bluu, baada ya Pasaka tukajifunza kutengeneza sabuni ya mawese kwa Mama Irambona kule Mwandiga, sabuni ikagoma kuganda, tukacheka hadi tukakaa chini. Mei ikawa zamu yangu. Binti yangu Evaline, wa darasa la tano, alicheza siku ile mpaka mwenyekiti wetu, Mama Niyokwizera, akavua kilemba chake akamfunga kiunoni.

Juni Evaline akafariki. Homa, mshauri, homa iliyoanza kama homa yoyote ya mtoto.

Wenzangu walikuja wote, walipika, walifua, walilala kwenye mikeka kwangu mpaka tulipoanua matanga, na Shadia, jirani yangu, ndiye aliyenilisha kwa mkono wake mwenyewe, sina cha kuwalipa. Ila niliporudi kwenye vikao nikakuta mambo yamebadilika, nikiingia mazungumzo yanakatika, Nane Nane hawakunipanga kwenye banda letu wakasema nipumzike, na kila nyumba tunayokutana haina watoto. Nilidhani ni bahati tu, mpaka kikao cha kwa Shadia, nikaenda uani kunawa nikamkuta binti yake Mwamini, aliyekuwa haachani na Evaline shuleni wala nyumbani, amejibanza nyuma ya pipa la maji. Alitaka kunikimbilia, halafu akajizuia. Akasema, "Mama amesema usinione, utalia." Kumbe nikitarajiwa mimi, wote wanawapeleka watoto wao kwa majirani.

Na kubwa zaidi ni jina. Tangu nimzae Evaline sijawahi kuitwa vingine hapa, hata wavuvi wa Katonga wananijua hivyo. Sasa naitwa Mama Elia, jina la mdogo wake, wamekubaliana bila kuniuliza, nami naitikia tu, na juzi Elia mwenyewe akaniuliza kama dada yake ameacha kuwa mtoto wangu. Nikamwambia akalale.

Sasa kikao cha kufunga mwaka ni Desemba na mwenyekiti ametangaza tutakaa ukumbini, hakuna ngoma ya kila mwaka, hakuna watoto, na wote wakanigeukia kwa huruma. Ngoma hiyo wanaisubiri mwaka mzima. Dismasi anasema nijitoe niwaache wafurahi, na mimi naona kweli nikibaki nawafanya wote wakae kama wako msibani, lakini nikijitoa nabaki na nani? Nawapenda na siwezi tena kukaa nao. Nifanyeje?

Ni mimi msomaji wako, Ujiji.

Shangazi Melania anajibu:

Mama Evaline, pole sana. Nakuita hivyo kwa sababu ndilo jina lako, na kifo hakina mamlaka ya kukuvua.

Nimesoma barua yako, nikaiweka chini, nikaichukua tena. Sasa nisikilize. Hao wenzako hawajakukataa, wamekuogopa. Kupika na kufua ni kazi wanayoijua, lakini hakuna aliyewafundisha cha kufanya matanga yakishaanuliwa, wakabuni ujinga wa kuficha watoto. Ni ujinga, nasema wazi, na Mama Niyokwizera akisoma hapa ajue nimesema. Kumbadilishia mzazi jina bila kumuuliza ni kumzika mtoto wake mara ya pili, hata kama mtu amefanya kwa mapenzi.

Na wewe nakugombeza pia. Miezi yote hii umewaambia nini? Hujawaambia kitu. Unaitikia Mama Elia, unatabasamu, unakwenda kulia nyumbani. Wakiona unaitikia wanaamini wamepatia. Umeniandikia mimi nisiyeijua hata sura yako, na Shadia aliyekulisha kwa mkono wake hujamwambia neno.

Kwa hili la kujitoa, usimsikilize mumeo. Naye ana uchungu wake, anatafuta pa kuutolea. Zungumza naye kwa upole, lakini usijitoe.

Nenda kwa mwenyekiti wako wiki hii. Mwambie jina lako, na umwambie unataka watoto waje na ngoma ipigwe. Ukilia katikati ya ngoma, lia, hakuna aliyekufa kwa kulia mbele ya rafiki zake. Ukizidiwa toka nje upumue, kisha urudi ukae. Elia naye mpe jibu lake leo kabla hajalala, kwamba dada yake ni mtoto wako na atabaki hivyo siku zote.

Bado kuna mmoja mliyemsahau wote, hata wewe. Mwamini. Mtoto huyo amefiwa na rafiki yake, na badala ya kupewa pole amefichwa kama mtu aliyekosa. Anachojua ni kwamba yeye yuko hai, na kwamba sura yake inaliza watu. Usimngojeshe mpaka Desemba. Nenda kwa Shadia leo hii jioni, mwite mtoto, mkalishe karibu yako, umpe pole.