Baba Janeth, Darajani Ulikotungojea

Mwaka umetimia, Baba Janeth, tangu uiache simu yako ikichajiwa pale dirishani, useme unajinyoosha kidogo, na usiamke tena. Maharage yalikuwa jikoni. Mkeo Raheli alikuwa amekuahidi kwamba yakiiva tu, mtavuka daraja. Hamkuvuka. Mpaka leo asubuhi mtu wako wa kwenye gemu la simu alikuwa bado amesimama pale pale ulipomwacha, kofia ya majani kichwani, fimbo mkononi, uso ameuelekeza ng'ambo.

Haya tunakuandikia wewe, na wayasikie pia waliokufahamu Ngombezi, Handeni na hapa Korogwe, maana wengi wao hawajui kwamba ulikuwa na kijiji kingine.

Hukuwa mtu wa kukaa. Ngombezi ulikuwa fundi wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge, na mashine ikishapona ulikosa raha mpaka iharibike tena. Jioni ukachukua baiskeli za vibarua, ukazitengeneza kibarazani, na hukuwahi kumwambia mtu aje kesho. Kisha ukatuhamishia Handeni tukalime mahindi. Mahindi yalipokubali, ukasema tufuge nyuki. Nyuki walipokubali, ukasema turudi Korogwe. Mama Janeth amefunga na kufungua mafurushi mpaka akajua kila sufuria inalala ndani ya sufuria ipi.

Njiani ulitangulia siku zote. Basi likisimama Mombo, wenzako wakiwa bado wanachagua mahindi ya kuchoma dirishani, wewe ulishashuka, ulishalizunguka basi zima, ulishamwuliza dereva tairi la nyuma lina nini. Lakini hukumwacha mtu nyuma. Ulitangulia, ukasimama, ukageuka. "Mama Janeth, bado tu?"

Gemu ulilipata kwa Pritesh, kwenye duka lake la vipuri. Ulikwenda kutafuta beringi, ukamkuta kainamia simu kwenye kaunta.

"Huyo mtu wako anatafuta nini?" ukamwuliza.

"Ndoo ya huyu bibi, mzee. Imetumbukia kisimani."

"Sasa mbona anazunguka? Kisima si hicho hapo?"

Ulirudi nyumbani bila beringi.

Gemu lile lina nchi nyingi za kuanzia. Watu wapya wanazaliwa humo, kila mtu na suruali yake moja na fimbo yake moja, wanatumwatumwa na wenyeji mpaka wapate nguvu, ndipo wanatoka kwenda kwenye dunia kubwa. Akishatoka, mtu harudi tena alikoanzia. Wenzako walizipita nchi hizo kama watu wanaokatiza sokoni. Wewe ulikaa. Ulianza kwenye mlima wa vibeti, wale watu wafupi, kule kwenye theluji, ukasema ni Lushoto ya mwezi wa saba. Karakana yao uliipenda. Ulikuwa unaiweka simu sikioni kusikiliza gurudumu lao la kunolea mashoka, halafu unatikisa kichwa. "Beringi imekwisha hiyo. Hakuna anayewaambia?" Ukaanza upya kwenye msitu wa wale wenye masikio marefu, huko hukupapenda, nyumba ziko juu ya miti na ngazi hazina pa kushika. Ukaanza upya tena kwenye bonde lenye visima, kuku na kinu cha upepo, ambalo sisi tuliliita Bonde la Visima. Hapo roho yako ikatua. Miaka yote tuliyokujua, hatukuwahi kukuona umependa mahali ukabaki hapo.

Pritesh alichukia. "Mzee, gemu lenyewe linaanzia ng'ambo. Hapo uko darasa la kwanza."

"Ng'ambo kuna nini?"

"Kuna majoka."

"Majoka nimeyakimbia mkongeni tangu ujana. Leo niyafuate kwenye simu?"

"Basi ungebaki kwa vibeti. Kule mtu anatoka na shoka."

"Anatoka na shoka na mafua. Hapa kila mtu anaanza na ndoo. Nani atamcheka mwenzake?"

Ukawa unasimama mlangoni mwa bonde kungoja wageni. Waliingia wanazunguka kama kuku aliyefunguliwa kamba mguuni. Kiingereza cha kuwaandikia hukuwa nacho. Ulitangulia mbele yao hatua chache, ukasimama, ukageuka, ukatangulia tena, mpaka ukawafikisha kisimani. Kisha ukawapa mkate uliouoka kwenye tanuri la yule bibi. Mama Janeth alikuwa akikutazama begani na kucheka peke yake, maana njia ile aliijua.

Ndipo ukamwundia na yeye mtu wake, mwenye kilemba chekundu, kwenye simu yake mwenyewe. Hukujua umejitafutia nini. Mkeo hakuweza kupita nyumba bila kuchungulia. Alitaka kujua uyoga wa kando ya kinu una rangi ngapi. Aliwaamkia wenyeji wa gemu mmoja mmoja, ingawa Pritesh alimwambia hao ni wa kutengenezwa, hawasikii. Yule bibi wa ndoo alikuwa na kuku waliotoka bandani kila siku, na mkeo kila siku aliwarudisha.

"Mama, hao kuku hawaishi," Pritesh alimwambia. "Hata uwarudishe mwaka mzima, watatoka tu."

"Na wangu hapa uani hutoka kila siku, mwanangu. Niwaache?"

Wewe ulikuwa umeshamaliza kazi zote za bonde. Ulikwenda kusimama penye daraja la kutokea bondeni, ukamngoja. Ungeweza kuvuka siku yoyote. "Mama Janeth, bado tu?" Ulikuwa unauliza kutoka kwenye kochi, na yeye yuko mkekani hapo hapo. "Bado kuku wawili." "Haya." Hukumkaripia hata mara moja. Ulikunja mguu, ukaukunjua, ukangoja.

Baada ya kukuzika, Baba Janeth, kuna kitu kiligeuka humu ndani. Mama Janeth hakai. Anaanza kufua, anaiacha nguo kwenye maji, anatoka. Amepanda basi kwenda Handeni kwa Janeth, akalala siku moja, akarudi. Amekwenda Kerenge kwa Paulo akiwa na begi la wiki mbili, na kabla chai haijapoa akauliza gari la kurudi ni saa ngapi. Amekwenda Ngombezi akasimama nje ya kiwanda, mlinzi akamkaribisha kiti, akasema hapana, anapita tu. Janeth alimwambia, "Mama, siku hizi umekuwa baba." Na ni kweli. Wewe uliyekuwa hukai umesimama darajani, na aliyekuwa ametulia ndiye anayezunguka. Kila alikotoka alirudi kuifungua simu yako aone kama upo. Ulikuwepo. Akaifunga, akatoka tena.

Mwezi uliopita Pritesh alikuja nyumbani bila kupiga simu kwanza. Alisema wenye gemu wametangaza wanalifunga Bonde la Visima, wanajenga jingine. Aliyemo ndani avuke kabla ya mwisho wa mwezi huu. Atakayebaki atafutika.

Tulibishana juu yako mezani, utusamehe. Paulo alisema, "Mama, ile ni katuni. Baba tumemzika Kerenge. Acha ifutike upumzike." Janeth akamwambia kaka yake anyamaze, kwani yeye hakuwahi hata kuchota ndoo moja mle. Mama Janeth alikuwa amesimama mlangoni, kashika kitasa. Akikuacha, utafutika. Akikuvusha, hatajua tena pa kukukuta. Bonde analijua jiwe kwa jiwe, ng'ambo hajui hata kisima kiko wapi.

"Na hayo majoka," akamwuliza Pritesh. "Akifia huko?"

"Hafi, Mama. Yaani anakufa, lakini anaamka tena kando ya moto."

Pritesh akainamisha kichwa. Mama Janeth akaachia kitasa, akaja kukaa.

"Sawa," akasema. "Basi tutamvusha siku yake."

Siku yako ni leo. Baada ya ibada, kabla ya chakula, tulikaa wote sebuleni, simu mbili mezani. Mkeo aliwarudisha kuku wa yule bibi bandani, wote, akafunga mlango, akamuaga bibi mwenyewe. Hatukumharakisha. Kisha akaja mpaka darajani, kilemba chekundu kando ya kofia ya majani. Wote tulidhani Pritesh ndiye atakayekuendesha wewe. Akakataa. Alisema kuna namna ya kumfanya mmoja amfuate mwenzake, atakwenda mwenzake anakokwenda, kwa mwendo wa mwenzake. Akamwonyesha mkeo pa kubonyeza kwenye simu yako. Mkeo akabonyeza, kisha akaiweka simu yako mezani.

Akaanza kuvuka.

Ukamfuata.

Baba Janeth, hatukuwahi kukuona umetembea nyuma ya mtu. Janeth alijiziba mdomo kwa kitenge. Paulo, yule yule wa katuni, alipiga magoti mezani aone vizuri. Mkeo alikwenda hatua mbili, wewe mbili. Katikati ya daraja akasimama kuangalia maji, maana alikuwa ameona samaki, na samaki wa mle hakuwahi kuwaangalia kwa karibu. Na wewe ukasimama. Akakaa hapo muda mrefu. Paulo akashindwa, akasema taratibu, "Mama, bado tu?"

"Mwache," mkeo akasema. "Leo yeye hajaniuliza."

Alipotosheka na samaki, mlivuka. Ng'ambo kuna barabara ya vumbi jekundu kama ya Handeni, na kibanda, na moto unaowaka kando ya njia. Majoka hatujayaona bado. Mkeo amekusimamisha karibu na moto, akazifunga simu zote mbili, akaenda uani kuzitoa nguo zilizokuwa kwenye maji tangu jana. Alianza kuzisuuza moja moja, na hakuziacha.

Usichoke, Baba Janeth. Kesho anakuja kukuchukua muendelee na njia, na atasimama kila mahali.

Unakumbukwa na mkeo Raheli. Wanao Janeth wa Handeni na Paulo wa Kerenge, pamoja na wakwe na wajukuu zako. Ndugu zako wa Lushoto. Mafundi wenzako wa Ngombezi. Na mwanao wa dukani, Pritesh.

Siku zote tutakazopewa tutakukumbuka, na popote tutakapochelewa tutajua upo mbele, umesimama, umegeuka.