Baba, Nimemnunulia Vyuma Vinavyosamehe

Mpendwa baba,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo ulivyotufundisha kuanza barua. Usilichukulie kwa uzito. Nina hasira na wewe, na kwa kuwa umelala kule Nunguni chini ya saruji na huwezi kuniambia ninyamaze, leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Tangu tukuzike, mkoba wako wa gofu umekaa nyuma ya mlango wangu hapa Makindu. Mama aliniletea mwenyewe, akasema uliacha neno kwamba vyuma, hizo fimbo zako za kupigia mpira, ni vya mtoto. Mtoto ni binti yangu Mumbua, mjukuu wako, ambaye sasa ana miaka kumi na minne na amenisumbua mwaka mzima kwamba anataka kujifunza gofu. Sijui ni nani alimwambia. Labda ni damu.

Unakumbuka vyuma vyako vilivyonifanya? Jumamosi ukitoka kazini stesheni, ulikuwa unanipeleka kile kiwanja cha nyuma ya reli. Nyasi zilikuwa kavu, na kwenye shimo, pale ambapo viwanja vya matajiri vina nyasi laini, sisi tulikuwa na mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari. Kazi yangu ilikuwa kuusawazisha mchanga kwa ubao kabla hujapiga. Niliipenda kazi hiyo. Nilikupenda wewe pia, baba, nilikupenda mno, na ndiyo maana hasira hii haiishi.

Kisha ulinipa chuma chako, namba saba. Ilikuwa nyembamba kama kisu. Ukigonga mpira katikati kabisa, mkono hausikii kitu. Ukikosea kidogo tu, mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko, na asubuhi za baridi ya Julai machozi yanatoka bila kuombwa.

"Inauma, baba."

"Wacha iume. Mkono utajifunza."

Siku moja rafiki yako mwenye gereji alikuja na vyuma vipya, vinene, vyenye mgongo uliochimbwa. Akaniachia nijaribu. Niligonga kwa ncha, vibaya kabisa, na mpira ukaenda. Akacheka, akasema, "Hizi ni za kusamehe, mzee. Nunulia msichana." Wewe ulikichukua kile chuma mkononi mwangu ukamrudishia. "Kusamehe ni kwa Mungu," ukasema, "si kwa chuma." Watu walicheka, hata mimi nikacheka. Nilidhani ni utani.

Haukuwa utani. Nilipopata mimba nikiwa bado nyumbani kwako, kanisa lilikuwa na taratibu zake, na wewe ulikuwa mzee wa kanisa. Mchungaji alikuwa tayari kulisoma jina langu yeye mwenyewe. Mama aliniambia baadaye kwamba mchungaji alikuomba umwachie. Ulikataa. Ulisimama pale mbele na suti yako ya kijivu ukasoma jina langu, majina yote matatu, na la tatu ni lako, ukatangaza kwamba nimetengwa. Hukutetemeka. Nikahamia benchi ya nyuma na tumbo langu.

Baada ya Mumbua kuzaliwa nilitubu mbele ya watu, kama inavyotakiwa. Mchungaji akauliza kama kanisa linanirudisha, wanaokubali wanyooshe mkono. Baba, niliangalia. Hata yule mama wa kwaya aliyenisema sokoni alinyoosha. Mkono wako sikuuona. Kanisa zima lilinisamehe, nikarudi nyumbani kwa mtu ambaye hakunisamehe, na kwa miaka yote hiyo binti yangu ulimwita "huyo mtoto." Huyo mtoto amekula? Huyo mtoto afunge mlango. Alikuwa na jina!

Halafu unakufa, unamwachia vyuma.

Mwezi uliopita nilimpeleka kiwanjani na namba saba yako. Alipiga, akakosea, akakiangusha chuma na kuibana mikono kwapani. "Mum, inauma." Na mimi nikafungua mdomo, na maneno yaliyokuwa yanakuja yalikuwa yako. Nilisikia "wacha iume" imefika kwenye meno. Niliufunga mdomo nikamwambia twende nyumbani. Sijawahi kukukasirikia kama nilivyokukasirikia njiani siku ile.

Jumamosi iliyofuata nilienda Kambu, kwa kijana mmoja anayeuza mitumba ya kila aina kando ya barabara: baiskeli, viti vya ofisi, na vyuma vya gofu vimefungwa kwa kamba kama kuni. Nikamwambia ni vya mtu anayeanza. Hakunionyesha vinavyong'aa; alichomoa kimoja kinene akanigeuzia.

"Mum, cheki hapa nyuma, imechimbwa. Uzito wote umeenda kandokando. Na chini ni pana, haiwezi jichimbia kwa mchanga. Shika mpini, si ni mwepesi? Na usibebe seti yote, hizi chache zinatosha kuanza. Huyo mtoto akikosea, hii inamsamehe."

Nililia, baba. Nililia pale Kambu, malori ya Mombasa yakipita, na yule kijana akadhani ni bei, akaanza kupunguza.

Jana mama alipiga simu. Akauliza kama mtoto anatumia vyuma vya babu yake. Nikamwambia hapana, na sitaki lawama. Akasema, "Aiya, mwiitu wakwa, binti yangu. Na vile alikuwa anasema kila saa pale hospitali, 'Vyuma ni vya Mumbua, msisahau, ni vya Mumbua.'"

"Alisema jina?"

"Alisema jina."

Kwa hiyo ulikuwa nalo. Miaka yote hiyo ulikuwa nalo mdomoni, na ukampa mama na nesi, hukumpa mwenyewe. Ingekugharimu nini? Nilikata simu nikapiga mlango teke, na mkoba wako ukaanguka.

Nimeuinua. Vyuma vyako sijavitupa wala sitavitupa. Mkono wake ukikomaa na avitake mwenyewe, atavichukua. Mimi kukusamehe bado sijafika, na sitakudanganya kwamba nimefika kwa sababu tu umekufa.

Lakini nikwambie alivyopiga leo asubuhi kwa vyuma vya Kambu. Alipiga kwa ncha, vibaya kuliko mimi siku ile, na mpira ukaenda, ukapita kichaka, ukaanguka karibu na mchanga. Hakushangilia. Aligeuka haraka kuniangalia uso, kuona kama nimekasirika.

Nikamwita kwa jina lake. Nikamwambia apige mwingine.

Lala, baba.

Ni mimi binti yako, yule uliyemsoma jina.