Nani Anayapoza Maji ya Mama Nomsa

Jumatatu, 9 Juni

Nimepima maji saa moja asubuhi. Nyuzi thelathini na nne. Jana thelathini na nane. Hakuna mtu Midrand nzima anayeyajua majakuzi kama mimi.

Uongo. Nilipoanza kazi hapa nilidhani jakuzi hili, beseni kubwa la kuogea maji ya moto, ni bwawa la samaki, nikauliza samaki wako wapi. Mama Nomsa, mwenye nyumba hii ya wageni, akilikumbuka hilo hucheka mpaka ashike ukuta.

Leo hacheki. Jakuzi linakula umeme kuliko jiko. Anasema kuna mtu anafunua kwa siri na kuoga. Nimekaa juu ya kifuniko kama kila asubuhi, nikanywa chai, nikawaza. Nani? Kifuniko chenyewe hakina neno. Kina joto zuri, kinapasha makalio ya mzee.

Jumatano, 11 Juni

Nimempata. Ilunga, mlinzi wa geti, Mkongo wa Lubumbashi. Kaja kazini nywele mbichi, anaimba. Mtu gani anaimba Juni hii, baridi inakata masikio? Mtu aliyelowekwa maji ya moto.

Nimemwambia Mama Nomsa amtazame vizuri. Fitina tamu, bwana. Kasema maji yakizidi kupoa, mwisho wa mwezi Ilunga anaondoka, kampuni yao ilete mwingine. Hapo utamu ukapungua kidogo. Ana watoto watatu.

Lakini nywele zilikuwa mbichi.

Alhamisi, 12 Juni

Ilunga kanifuata, kofia mkononi.

"Papa, ni weye ulisema mi naogaka mule?"

"Nimesema nywele zako mbichi. Si mbichi?"

"Naogaka ku nyumba, na ndoo! Ile mayi yenu inanuka dawa. Nusa kichwa, Papa. Nusa!"

Kaniinamishia kichwa. Nimenusa. Sabuni ya kufulia. Sikumwamini. Mtu anaweza kujisuuza.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Nomsa anataka kifuniko kipya hata hivyo, cha zamani kimebonyea. Kaniachia mimi nichague, maana ndimi ninayekibeba. Eish. Niliishia darasa la nne, na leo mimi ndiye tume ya uchunguzi.

Wamekuja wauzaji wawili. Wa kwanza viatu vyake vimechongoka. Kifuniko chake chembamba. Nikiuliza ndani kuna nini, anasifu rangi. Wa pili fundi mwanamke, ana karakana mtaa wa Newtown. Huyu hasifu kitu. Kanyanyua upande mmoja wa kile cha zamani, kakiacha kikaanguka, kauliza zamani nilikibeba na nani.

"Peke yangu. Siku hizi na Ilunga."

"Kimekunywa maji, mkhulu. Kimekufa."

Kaniita babu kwa Kizulu, nikamtilia shaka hata hivyo. Kila muuzaji husema chako kimekufa.

Nimewaomba vipande vya mfano. Jioni nimejaza ndoo mbili maji ya moto, kila moja nikaizungushia blanketi na kuifunika kwa kipande chake, nikaziacha nje. Maneno yao nimewaachia wenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi sakitu, umande ulioganda, nyasi nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Kipande chembamba kikavu, kina uvuguvugu. Kile kinene cha Newtown kina sakitu juu, baridi kama maiti. Nikacheka. Mama wa Newtown mwizi!

Kisha nikafunua ninawe uso. Chini ya kile chenye uvuguvugu, maji yamepoa, yamebaki vuguvugu tu. Chini ya kile cha baridi, maji bado yanatoa mvuke.

Nikachuchumaa pale pale. Kumbe joto unalolihisi juu ni joto lililokwisha kutoroka.

Nikageuka kulitazama jakuzi. Nyasi nyeupe, viti vyeupe, kifuniko hakina hata punje. Katikati, pale kinapokunjwa, mshono umepasuka, mvuke unatoka kama birika. Na pale pale pamebonyea shimo. Nimelipima. Saizi yangu.

Miaka miwili nakunywa chai juu ya mshono. Hakuna aliyeoga. Mwizi ni matako yangu.

Jumatatu, 16 Juni

Sikukuu ya Vijana. Nimemwambia Mama Nomsa yote. Kauliza kama nimekuwa nikiukalia umeme wake miaka miwili. Nimesema ndiyo. Nikasema Ilunga hana kosa, nikasimama hapo hapo mlangoni mpaka akapiga simu kwa kampuni. Simwamini mtu anayesema atapiga baadaye. Kapiga. Ilunga anabaki.

Nimeona aibu kusingizia nywele za watu. Nimekwenda getini nikamwambia pole. Kasema "sawa", akafunga dirisha la kibanda.

Kifuniko nimechagua cha Newtown. Ndani povu gumu kama la boksi za samaki, nene zaidi katikati ili mvua iteremke. Limefungwa nailoni iliyochomwa kwa moto ikashikana pande zote, mvuke usiingie. Pale pa kukunjia pamezibwa kwa ndani. Pembeni kina pindo refu la kuziba mdomo wa jakuzi. Tumepima pembe zote na fundi, mara tatu, kwa futi yangu na kwa yake. Yake siiamini.

Ijumaa, 4 Julai

Kimeletwa. Nimekinyanyua peke yangu! Mama Nomsa kabandika karatasi kwamba ni marufuku kukikalia. Wageni hawana tabia hiyo. Najua karatasi hiyo inamlenga nani.

Jumapili, 6 Julai

Maji thelathini na nane. Chai nimeinywa nimesimama.

Ilunga kamfungulia geti mtu wa mikate, wakacheka. Mimi nilipopita kajishughulisha na kofia. Wiki ya tatu hii ananikwepa. Inauma kuliko nilivyodhani.

Ijumaa Kuu nilimshikia geti kutwa nzima akaimbe kwaya. Alisema ana deni langu. Sijawahi kulidai. Sasa nitalidai, angalau apate sababu ya kuja kwangu. Kesho nitapita pale kibandani, na ombi lenyewe nimeliandika hapa kwanza nione linavyosikika:

Ilunga, baba, siku ile ya kwaya nilikushikia geti. Nawe nifanyie hili moja: ukipata nafasi, njoo na kimkasi unikatie kucha za miguu, mimi sizifikii tena.